Itunzeni kama Migomba

Mwesiga, bwana mifugo, alikaa siti ya nyuma ya Hiace iliyotoka Bukoba, kofia imemfika kwenye nyusi. Mbele yake mzee mmoja alikuwa akimsimulia mama aliyekutana naye humo garini jinsi lusini, yale majani ya kulishia ng'ombe, ilivyomfia shambani.

"Nilipanda kule rweya, kwenye ardhi kavu, kama tulivyofundishwa. Ikachipua vizuri. Nikaitandazia nyasi nene, jua halikuiona tena."

Mama akacheka. "Taata, mche mwembamba kama uzi unaufukia kwa nyasi? Mimi nilipalilia tu, nikasubiri maua ndipo nikakata. Kiangazi chote ng'ombe wangu anakula."

"Bwana mifugo alisema, itunzeni kama migomba. Sasa Mhaya gani anatunza mgomba bila kuutandazia nyasi?"

Mwesiga aliikumbuka sentensi hiyo. Ilipigiwa makofi kuliko zote, naye akaenda kuirudia vijiji sita.

"Alimaanisha uipende," mama akasema.

"Basi niliipenda mpaka ikafa. Ng'ombe akaja akala zile nyasi za juu. Hayo ndiyo malisho niliyovuna."

"Na lusini yake yeye mwenyewe ikoje?"

"Wanasema ana migomba tu."

Gari likasimama Kamachumu. "Twende, mama," mzee akasema akishuka, "anafundisha tena leo saa nne. Nitamuuliza mbele za watu."

Mwesiga naye alikuwa ashukie hapo. Akaivuta kofia hadi puani, akamwongezea kondakta nauli ya kufika Muleba.