Dazeni ya Sahani

"Friji ya milango miwili, kwa mtu anayekaa peke yake?" Tangu wapande basi, kinyozi alikuwa hajamalizana na jirani yake, fundi viatu. "Mama yako ataweka nini humo?"

"Ataweka heshima yangu. Wewe wa kwako ulimpelekea nini, salamu?"

"Nilienda nikakaa naye mpaka akanichoka."

Kiti cha nyuma, mama mmoja mshonaji alicheka kimoyomoyo, kakumbatia boksi alilotoka kulichukua ofisi ya vifurushi. Mwanawe kamtumia sahani dazeni nzima, za maua, za bei mbaya. Alikuwa keshamringia kondakta na abiria wa pembeni. Hakuwaambia kwamba nyumbani hula kwenye sufuria, maana kuosha sahani moja humkumbusha zile ambazo hazikuchafuka.

Basi liliposimama kituoni kwake, wale wawili walikuwa bado wanavutana. Akamgusa fundi viatu begani.

"Wanangu, ugomvi huu njooni muumalizie kwangu, ni hapo ng'ambo ya barabara. Nibebeeni boksi, halafu mkae tule. Chakula kipo, na sahani zote nataka zichafuke leo."