Sweta la Kupimia Parachichi

Optatus alipanda basi Masasi na miche sita ya parachichi, akapata nafasi juu ya kifuniko cha injini.

"Tangu soko liwe huria, mama, korosho zimenichosha," alimweleza Paulina, abiria wa pembeni yake. "Parachichi linataka baridi. Nikihitaji tu kuvaa hili sweta, hapohapo nashuka, naomba shamba."

Paulina, mzaliwa wa Newala, kule mlimani kwenye baridi, alifurahi: hatimaye kwao kumepata mgeni mwenye akili.

Walipofika Newala ukungu ulikuwa umetanda, naye Paulina kajitanda kanga mbili. Optatus alikuwa akijifuta jasho.

"Joto tupu! Hapa parachichi halioti. Naendelea Tandahimba."

"Baba, hebu inuka kwanza hapo kwenye injini, ndipo useme."

"Niinuke, mama, halafu nikose nafasi?"