Seva Yetu Imepona, Isirudishwe Mwanza

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, shikamoo. Sisi wanafunzi wa Kituo cha Kompyuta Ngokolo tunakukaribisha kwenye chumba chetu chenye joto, na tumefurahi umekuja mwenyewe badala ya kutuma mtu.

TULIKOTOKA

Tulianza mwaka jana, 1998, katika ghala la Mzee Ebrahim, aliyehamisha magunia yake ya mbegu za pamba ili tupate pa kukaa. Mradi mmoja wa Mwanza ukatuazima seva, yaani kompyuta kuu, inayoendeshwa kwa mfumo wa Linux. Hiyo ndiyo proksi yetu: kompyuta zote humu hupitia kwayo kwenda kwenye intaneti, kwa laini moja ya simu.

YALIYOTUPATA

Mwezi Machi seva ilianza kugoma kila darasa lilipojaa. Tukailaumu simu. Ndipo mwenzetu Paskalina, Mama Masalu, akaingia mbio kutoka kijijini Songwa. Mwanawe alikuwa na ugonjwa wa moyo. Madaktari wageni waliofika Mwanza walitaka athibitishe kwa barua pepe kwamba atamleta kabla ya saa kumi alasiri, la sivyo nafasi ingekwenda kwa mwingine. Ukurasa wa barua pepe haukufunguka.

"Mwalimu, mwanangu ataikosa nafasi hii," alisema.

Mwalimu wetu, Gulnaz, alisoma kumbukumbu za seva. "Simu ni nzima, Mama Masalu. Proksi ndiyo imefikia kikomo cha faili."

Alitueleza kwamba kila muunganisho na kila faili linalofunguliwa huchukua namba yake. Proksi iliruhusiwa namba 256 tu. Laini ikiwa nzito, miunganisho hubaki wazi, namba zikaisha. Aliizima proksi na kuiwasha tena ili namba ziachiliwe, akatuomba sote tutoe mikono kwenye kibodi. Paskalina akatuma barua yake peke yake, ikaenda.

Kesho yake tulipandisha kikomo hadi 1024, tukaijenga upya programu ya proksi ili ikitambue, na tukaiandika amri ya kukipandisha kwenye faili ambalo seva hulisoma kila inapowashwa.

MATUNDA

Haijagoma tena. Masalu alipasuliwa salama. Ndiye yule anayemvuta Mzee Ebrahim kanzu.

OMBI LETU

Mheshimiwa, tumesikia mradi ule wa Mwanza unataka kuichukua seva kwa kuwa iliripotiwa mbovu. Taarifa ile ni ya kabla ya matengenezo. Tunakuomba utusemee. Wala usituamini kwa maneno: kompyuta zote zimewashwa, sote tutafungua kurasa kwa pamoja mbele yako. Kiti cha katikati ni chako.

Mungu akulinde njiani na akujalie afya. Asante sana, au kwa Kisukuma chetu, wabeja sana.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Kituo cha Kompyuta Ngokolo,
Shinyanga, Julai 1999.
Msomaji: Asteria Maganga