Jina la Mzee Pyo Kwenye Jiwe la Dolmoru

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka mtu ambaye hapa Dolmoru tulimjua kwa jina lisilo lake. Tulimwita Mzee Pyo Chil-seong, yule fundi wa milango ya mbao iliyobandikwa karatasi. Tumemzika Jumanne, akiwa na miaka tisini na mmoja. Jina lake hasa lilikuwa Deok-bae. Narudia: Deok-bae. Chil-seong alikuwa mdogo wake. Binti wa marehemu, Bi Geum-ran, ameniruhusu niseme.

Walifika hapa na mama yao mjane wakikimbia vita kutoka kaskazini, na hakuna jirani aliyejua yupi ni yupi. Mwaka hamsini na moja ikaja karatasi ya jeshi, imeandikwa jina la Deok-bae, kifungua mimba. Sasa mambo yetu mnayajua. Kifungua mimba akifa, nani atawaandalia mababu meza yao ya ibada? Mama alikaa na karatasi ile siku mbili bila kula. Siku ya tatu Chil-seong, miaka kumi na minane, akaichukua. Maneno yake kaka mtu aliyakariri mpaka mwisho:

"Kaka, wewe kuku tu unamchinja umefumba macho. Baki umpe baba wali wake. Mimi naenda kuwa wewe kidogo, nikirudi tutabadilishana."

Hakurudi.

Juni ya mwaka hamsini na saba jiwe la mashujaa likazinduliwa. Watu walijaa kutoka lango la shule hadi mtoni: wazee na kofia zao za manyoya ya farasi, akina mama na watoto mgongoni, tarumbeta za shule kila moja na wimbo wake. Deok-bae alitaka kujibanza nyuma. Wema wa watu ukamponza. "Mpisheni, kaka yake yumo humo," walisema, wakamsukuma hadi mbele kabisa pamoja na mama yake. Nyuma yake watu, kushoto watu, kulia watu, mbele jiwe limefunikwa shuka jeupe.

Shuka likavutwa. Karani akasoma kwenye kipaza sauti: Pyo Deok-bae.

Naye akafungua mdomo aitike. Mtu akiitwa huitika. Mama akambinya mkono mpaka kucha zikazama, kisha akalikumbatia jiwe akilia, "Deok-bae wangu, Deok-bae wangu," na Deok-bae yupo pale ubavuni pake, hajui pa kuweka macho. Akisema kweli, mama atafungwa na yeye ataitwa mtoro. Akinyamaza, mdogo wake hayumo popote. Alinyamaza. Watu wakalia pamoja naye, wakampigapiga mgongo, wasimwachie hata upenyo wa kutokea. Inaniuma kulisema hili, kwa sababu mama yangu mzazi alikuwa miongoni mwao.

Tangu siku ile hakutoka tena ndani ya jina lile. Alioa kwa jina la mdogo wake. Kila Juni walimwita mstari wa mbele, aweke ua kwenye jina lake mwenyewe. Zaidi ya mara sitini, wasikilizaji.

Nyumbani, siku ya kumkumbuka mdogo wake, alifunga milango, akaandika jina la marehemu kwenye karatasi ya ibada, akaweka wali na supu, akaichoma karatasi upesi. Mwaka mmoja Bi Geum-ran, akiwa na miaka tisa, aliwahi kuisoma.

"Nikamuuliza, baba, mbona umejiandika wewe? Akasema, kula wali, mwanangu."

Alimweleza mwaka jana tu. Akamwomba jambo moja: jina la Chil-seong lichongwe kwenye jiwe.

Jumanne, akitoka makaburini, Bi Geum-ran alipita kwenye jiwe na bakuli la wali. Akaniambia hivi: "Sasa baba kweli amekufa, kwa hiyo jiwe halidanganyi tena. Bado baba mdogo."

Bi Geum-ran na ukoo wote wa Pyo, poleni sana. Nasi tutakaokusanyika pale Juni hii, kabla hatujamsukuma mtu mbele kwa wema wetu, kwanza tumtazame usoni. Kisha, majina yote yakishasomwa, tusiondoke. Tulitaje na lile ambalo halijachongwa: Pyo Chil-seong, miaka kumi na minane.