Fundi Viti Aliyekataa Kumimina

Ifikapo tarehe 30 Novemba, Shangazi wa chumba cha viti atastaafu baada ya kuitumikia timu yetu ya mbio za magari kwa miaka thelathini na mmoja. Katika muda huo timu imebadilisha injini, rangi, wadhamini na wakuu watano. Madereva waliopita ni wengi, na hakuna hata mmoja aliyepanda gari letu kabla ya kulala chali mbele yake. Maneno hayo ya mwisho ni yake mwenyewe, na mumewe ameshazoea kuyasikia hata kwenye harusi za watu.

Alianza kwa kushona makochi kwenye karakana ya mjomba wake. Alikuja kwetu kwa kibarua cha kurekebisha viti vya ofisini, akaonekana ana mkono mwepesi, akahamishiwa kwenye magari. Hakurudi tena kwenye makochi.

Kwa wasiojua kazi yake, kiti cha gari la mashindano hakinunuliwi dukani. Dereva anaingia ndani ya bodi tupu na kulalia mfuko mkubwa wa plastiki. Vimiminika viwili vinachanganywa kwenye jagi na kumiminwa ndani ya mfuko. Povu linaumuka kama unga uliotiwa hamira, linamzunguka mgongo na nyonga, kisha linaganda. Kinachotoka hapo ni umbo la mtu mmoja tu duniani, na akikaa mwingine ataumia mapema.

Ndiyo maana habari za uhamisho wa madereva zilianzia kwake. Waandishi wakihangaika na tetesi, Shangazi alikuwa ameshapima nyonga za anayekuja. Sisi wenzake tulilijua hilo, na kila msimu ulipokaribia kwisha waliokuja kuazima mkasi wake walikuwa wengi. Mtu anaingia kuomba mkasi, macho yanazunguka chumba kizima, anatoka bila mkasi. Jibu lake kwa wote lilikuwa moja: “Mimi naona migongo tu, wanangu. Sura sizijui.”

Makosa naye aliyafanya, na huyasimulia yeye kabla hujayasikia kwa wengine. Mwaka wake wa kwanza, dereva mmoja alilala kwenye povu akiwa na funguo za nyumba katika mfuko wa nyuma, na Shangazi hakumkagua. Kiti kikatoka na shimo la funguo. Kabla hajakirekebisha, dereva akashinda mbio, akaja mbio akisema, “Shangazi, usiguse bahati yangu!” Akamjibu, “Bahati yako ina meno, baba. Itakutafuna.” Kiti hakikuguswa msimu mzima.

Timu yenye magari mawili ni kama nyumba ya wake wenza. Kila upande una dereva wake, mafundi wake na kinyongo chake. Tuliwahi kuwa na msimu ambao upande wa kushoto na wa kulia hawakusalimiana, hata spana ilikuwa haivuki. Walikutana chumba cha viti tu, kwa sababu birika la Shangazi halikuuliza mtu anatoka upande gani.

Lakini siku tutakayomkumbuka nayo zaidi ilikuwa katikati ya msimu mmoja mgumu, miaka tisa iliyopita. Gari letu la pili lilikuwa linamaliza nyuma, na mdhamini mkubwa alimtaka dereva wa timu nyingine. Mkuu wa timu wa wakati huo akakubali. Dereva aliyekuwa anaondolewa hakuambiwa. Siku hiyo alikuwa ghorofa ya juu, kwenye mashine ya mazoezi, akijiandaa kwa mbio za Jumapili, huku mrithi wake akiingizwa kwa mlango wa mizigo, kofia imefunika macho.

Mgeni akalala kwenye bodi. Shangazi akashika jagi, kisha akauliza kama mwenye kiti ameshaambiwa. Mkuu akasema ataambiwa baada ya mbio. Shangazi akaliweka jagi mezani. “Basi nami nitamimina baada ya mbio.”

“Shangazi, wewe tengeneza viti, siasa tuachie sisi.”

“Siasa ni yenu, baba, sijaigusa. Ila mtu yuko juu anasomea kona za Jumapili, na mimi niko chini yake namwandalia mwenzake pa kukaa. Mkono wangu haufiki.”

Haukuwa mchezo. Mkataba wake ulikuwa wa kuongezwa mwaka hadi mwaka, mumewe hakuwa na kazi, na binti yao alikuwa bado chuo cha uuguzi. Mkuu akamkumbusha kwamba mafundi viti wako wengi. Shangazi akasema anajua, na akamtajia wawili wazuri.

“Kwani hajui?” mgeni akauliza kutoka ndani ya bodi. Akatoka, akavua kofia, akakaa sakafuni. Mkuu alitazama mlango. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa, kama wengi wetu tunavyoogopa kumtazama mtu usoni na kumwambia kwamba hatumhitaji tena. Shangazi akavua aproni. “Twende, nitakufikisha ngazini.” Wakatoka kama mama anayempeleka mwanawe kwa daktari wa meno.

Waliokuwa juu walisikia mashine ikizimwa, basi. Baadaye dereva alishuka peke yake, macho mekundu, akaingia chumba cha viti. Mgeni akasimama, hajui aiweke wapi mikono yake. “Lala, bwana,” dereva akamwambia. “Breki za nyuma zina wivu, usizikanyage kwa hasira.” Kisha akamshika mabega, maana lazima mtu ashikwe asiteleze, na Shangazi akamimina.

Jumapili ile dereva aliendesha akijua anaaga, akamaliza wa sita, nafasi yake bora msimu ule. Na kwa kuwa alijua mapema, alipata muda wa kubisha hodi kwingine. Yuko na timu nyingine hadi leo na ametushinda mara kadhaa, jambo ambalo Shangazi hajawahi kuliombea radhi. Mkuu alimnunia Shangazi mwezi mzima, kisha akauongeza mkataba wake.

Tangu hapo, bila agizo wala kikao, kiti hakimiminwi kwetu mpaka anayeondoka aambiwe. Hofu ya wengi, na yake pia, ilikuwa kwamba desturi hii imesimama kwa mkono wake, na akiondoka itaondoka naye. Wiki iliyopita, Shangazi akiwa likizo, mkuu wetu wa sasa, ambaye miaka ile hakuwa hapa, alimwita dereva wetu mmoja, akafunga mlango, akamwambia kwa kinywa chake kwamba mkataba wake hautaendelea. Chumba cha viti kilikuwa kimefungwa. Anayekuja alikuwa hata tiketi ya safari hajakata.

Shangazi, asante kwa kutustiri sisi sote, walioingia na waliotoka. Tunakuombea afya njema na usingizi usiokatizwa na ratiba ya mtu. Mumeo amesubiri miaka mingi apate Jumapili moja ya kukaa nawe nyumbani. Leo tunamkabidhi zote. Maisha mema, mama yetu.