Mawe Katika Wali wa Ijumaa

Josephine Nyamvula amekitumikia Kituo cha Faraja cha Bofu, hapa Likoni, kwa miaka ishirini na saba na miezi miwili. Anastaafu leo, Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, akiwa na umri wa miaka sitini. Anaacha faili 4,116 za wafiwa aliowahudumia, na uteo mmoja.

Uteo huo unahitaji maelezo.

Alipoanza kazi Septemba 1998, mzaliwa huyu wa Mazeras alifuata alichofunzwa chuoni: viti viwili vinavyotazamana, daftari, na boksi la karatasi za kupangusia machozi. Mteja wake wa kwanza alikuwa Kanze, mjane wa wiki tatu. Alimuuliza habari za nyumbani, akajibiwa salama. Za watoto, salama. Za usingizi, salama. Saa nzima ikaisha, Kanze akaaga kwa adabu, na daftarini mkabaki neno moja.

Jumamosi iliyofuata Nyamvula alikwenda matangani kwa jirani. Jikoni akamkuta Kanze yuyo huyo, amekaa mkekani na wanawake wengine, wanachagua mchele. Macho yao yako kwenye uteo, mikono inatoa mawe, na Kanze anaeleza yote, hata kwamba kila jioni bado anampakulia marehemu chakula. Jumatatu asubuhi viti vilitolewa ofisini, mkeka ukaingia.

Tangu siku hiyo kila mfiwa amepewa mchele achague huku akizungumza. Muuza nafaka wa sokoni hajaelewa mpaka leo. Humwambia, "Mama, wenzio wote wayakimbia mawe, wewe wayafuata!" Nyamvula hununua ule usiochambuliwa, na hatoi sababu.

Wanaume walileta ubishi. Gedion, dereva wa malori wa Miritini aliyefiwa na mkewe, alitangaza kwamba mtu anayeendesha trela la magurudumu ishirini na mawili hashiki uteo. Nyamvula akampa sinia la bati. Ziara ya tatu Gedion aliomba uteo mwenyewe. Sinia, alisema, lina kelele, halimwachi mtu akasikia anachosema. Leo ndiye anayeongoza kikao cha wanaume kila Jumanne, na huwapa wageni sinia kwanza.

Mchele uliochaguliwa hupikwa kwa nazi na kuliwa na wafanyakazi siku ya Ijumaa. Tatizo ni kwamba jicho lenye machozi halioni jiwe. Dereva wetu, Elkana, alimeguka jino mwaka 2009, naye hutumia pengo hilo kama ushahidi. Kwa wali huo tumejua, bila kufungua faili ya mtu, wiki ilikuwa nzito kiasi gani.

Machi 2022 Nyamvula alifiwa na mumewe, Munga, mwendesha mashine wa Kipevu. Alirudi kazini siku ya tisa. Alijaza ripoti, alipanga makabati, na hakuketi mkekani na mteja yeyote. Mwisho wa mwezi aliandika barua ya kuacha kazi. Aliyewasaidia wengine kwa miaka ishirini na tatu aliona hana tena la kumpa mtu.

Mueni, mshauri wetu kijana ambaye wakati huo hakuwa ametimiza mwaka kazini, aliingia ofisini kwa Nyamvula na uteo, akagawa mchele mafungu mawili, akaketi.

"Mwanangu, wanitibu kwa dawa yangu mwenyewe?"

"Ndiyo iliyopo, mama."

Walichagua mchele siku tatu. Yaliyosemwa ni yao. Wali wa Ijumaa hiyo ulikuwa na mawe mengi kuliko wowote tuliowahi kula. Hakuna aliyelalamika. Elkana aliongeza sahani ya pili.

Barua haikufika kwa mkurugenzi. Imo kwenye faili ya Nyamvula mwenyewe, na nyuma ya karatasi, kwa mwandiko wake, pana orodha ya wateja wa Jumatatu iliyofuata. Baada ya hapo amehudumia wafiwa 512 na kufunza washauri kumi na wanne, Mueni akiwa wa kwanza kati yao. Sasa anakwenda Mazeras kulima, na ametuonya tusimwekee matanga mtu aliye hai.

Mama Nyamvula, ahsante. Shamba likukubali, mvua ije kwa wakati, na siku zako ziwe nyepesi. Mchele wa wali wa kuagana uliuchagua mwenyewe jana. Wali tumeutafuna kwa tahadhari na hatukupata jiwe hata moja. Mchele wa Ijumaa ijayo tutauchagua sisi. Elkana ameahidi kutafuna polepole.