Methusela Mhina, Mchonga Herufi wa Pongwe (1919–1958)

Wazee wetu, shikamooni. Mimi ni Laurenti, mdogo wa marehemu. Mama ameniagiza nisome maisha ya kaka, na niyasome yote.

Methusela alizaliwa Pongwe tarehe 9 Mei 1919, mtoto wa kwanza wa hayati mzee Stefano Mhina, mkata mkonge, na mama Elizabeti. Alisoma mpaka darasa la nne. Baba alipovunjika mguu, yeye alikwenda kukata mkonge mahali pake, mimi nikaendelea hadi darasa la nane.

Useremala alijifunza kwa kutazama. Mwaka 1951 nilimwombea kazi Tanga mjini, kwa Bwana Mwinyijuma mwenye mashine ya chapa, ambako mimi nilipanga herufi za madini ya risasi. Alikuja kutengeneza rafu tu. Herufi kubwa za mabango zilipopungua, alichukua kipande cha mvule akachonga R, kisha S, kinyumenyume, ili zikichapwa zisomeke. Zilikuwa nene, zimejaa. Mwaka haukuisha, wateja wakawa wanaipita meza yangu wakiuliza, “Methusela yupo?”

Niliona wivu. Tarehe 4 Machi 1954, mchana, alipokwenda kula, nilichukua msumari nikazikwaruza herufi zake zote za bango la mpira. Nilitaka aaibike. Alirudi, akapaka wino, akachapa. Maandishi yalitoka meusi, yamejaa makovu kama ukuta wa kale. Bwana Idarusi, katibu wa timu, aliliinua bango lile juu.

“Hizi ndizo! Nataka hivi hivi!”

Mabango yalibandikwa mpaka Tongoni. Tangu siku ile kila mteja alitaka herufi zenye makovu.

Kaka aliliona vumbi la mvule kwenye vidole vyangu. Alisubiri wateja waondoke.

“Laurenti, ungeniambia,” alisema. “Ningekushikia ubao ukwaruze.”

Hakumwambia mtu. Angenipiga ningepoa; kwa neno lile nilizidi kumwonea wivu.

Alimwoa Lea tarehe 12 Julai 1947. Walipojenga nyumba, mwaka 1955, alichonga jina la mkewe juu ya mlango, na kwa mazoea akalichonga kinyumenyume. Shemeji alikataa lirekebishwe. Mke wangu mimi hajapata kuniomba hata herufi moja.

Kifua kilimwanza Januari mwaka huu. Alifariki hospitalini, Tanga, Alhamisi tarehe 14 Agosti, saa nne asubuhi, Lea amemshika mkono. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilikuwa bado naahirisha kumwomba msamaha.

Ameacha mama yetu, mjane Lea, watoto Benedikta na Yoeli, na mdogo mmoja, ambaye hata sasa, akiwatazama mlivyojaa mpaka barabarani, anamwonea wivu, na hajui ataishije bila yeye.

Kaka, nisamehe. Mungu akupumzishe kwa amani.